Kokwa Isiyoota Si Kokwa Iliyokufa
Shauri kwa wakulima wa matunda katika nchi za milimani



Watu wengi wakaao milimani hupanda kokwa za mafyulisi, ambayo wengine huyaita mapichi, au kokwa za maplamu, au mbegu za matufaha, nao hungoja mwezi mmoja, hata miwili au mitatu, wasione kitu. Hapo hufukua udongo, na kuikuta kokwa ingali ngumu kama siku ile ilipofukiwa. Basi huitupa na kusema, "Mbegu hii imekufa," au, "Udongo wetu haulipendi tunda hili." Kisha huenda kununua mche kwa mtu wasiyemjua, mche ambao mizizi yake haijulikani ilitoka wapi, na baada ya miaka mitatu ndipo hujua kama walinunua mti au walinunua hasara.

Shauri letu ni hili: kokwa ile mara nyingi haikufa, wala udongo hauna kosa. Kokwa imelala, nayo yangoja kitu kimoja ambacho hukuipa, yaani baridi yenye unyevu, isiyokatika, kwa muda wa majuma mengi. Mkulima awezaye kuipa kitu hicho ataotesha miche yake mwenyewe kwa gharama ndogo sana. Na sisi twaona kwamba kazi hii si ya watu wa vituo vya utafiti peke yao. Ni kazi ambayo kila kijiji cha wakulima wa matunda chapaswa kuijua.

Kwa nini mbegu hulala

Mahindi na maharage ukiyatia katika udongo wenye maji huota baada ya siku chache. Kwake mvua ndiyo ruhusa ya kuota. Lakini mfyulisi asili yake ni China, na mtufaha asili yake ni milima ya Asia ya Kati. Katika nchi hizo, matunda yakiisha kuiva na kuanguka, hufuata majira ya baridi kali, na ardhi hufunikwa na theluji. Kama mbegu ingeota mara tu ianguliwapo na mti, mche wake mchanga ungekufa kwa baridi kabla ya kutoa majani manne. Kwa hiyo mbegu hizi hulala, wala haziamki mpaka majira ya baridi yapite.

Je, mbegu yajuaje kwamba baridi imepita? Wataalamu wa mimea wamelichunguza jambo hili. Ndani ya mbegu iliyolala mna dutu izuiayo kuota. Mbegu iliyolowa ikikaa baridini siku nyingi, nguvu ya dutu hiyo hupungua, na nguvu ya dutu nyingine iamshayo mche huongezeka. Ni kana kwamba mbegu yahesabu siku za baridi, moja moja, na isipofikisha hesabu yake haifungui mlango.

Angalia basi mambo matatu. Baridi pasipo unyevu haifai, maana mbegu kavu haihesabu kitu. Unyevu pasipo baridi haufai, maana mbegu hulala tu mpaka ioze. Na vyote viwili pasipo hewa havifai, maana mbegu ni kitu kilicho hai, nacho hupumua. Baridi iliyo bora ni ya nyuzi 2 hadi 7 za Selsiasi. Ikishuka chini ya sifuri, maji huganda na kazi husimama; ikipanda juu ya nyuzi 10, kazi huwa hafifu.

Kokwa za mafyulisi huhitaji kwa kawaida majuma 8 hadi 12 ya baridi hiyo. Mbegu za matufaha na za mapeasi huhitaji miezi miwili hadi mitatu. Kokwa za maplamu mara nyingi huhitaji miezi mitatu au zaidi. Hata mpasimoni wa Amerika ya Kaskazini, ambao ni mti wa ukoo mwingine kabisa, hushika sheria hiyohiyo: mbegu zake huhitaji miezi miwili hadi mitatu. Wakulima wa bustani wa Ulaya waliijua sheria hii tangu zamani. Walipanga mbegu na mchanga mbichi ndani ya sanduku, tabaka juu ya tabaka, wakaliacha nje majira yote ya baridi, kisha wakapanda joto liliporudi.

Maneno ya wapingao

Mtu wa Lushoto, au wa Mgeta, au wa Limuru, aweza kusema: "Kwetu ni baridi. Mbona kokwa haziridhiki?" Ni kweli kwamba kwenu ni baridi kwa mtu aliyetoka pwani. Lakini baridi ya milima yetu ni ya usiku. Alfajiri mwili watetemeka, na saa sita mchana mtu avua koti. Hata katika uwanda wa Kitulo, ambako sakitu huonekana asubuhi za Juni na Julai, jua likipanda joto hurudi. Mbegu yataka baridi ya usiku na mchana, juma baada ya juma, na joto la mchana huharibu sehemu ya kazi iliyofanywa usiku. Ni kama mtu ajazaye mtungi kwa kata huku mtungi wavuja.

Mwingine atasema: "Mimi nimeona kokwa zikiota zenyewe chini ya mti, wala hapana aliyezipa baridi." Hilo nalo ni kweli, nasi hatulikatai. Mti uhitajio baridi kidogo huzaa kokwa zihitajizo baridi kidogo, na mafyulisi yaliyozoea milima yetu ni ya namna hiyo. Lakini tazama zinavyoota: moja leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwaka ujao, na nyingi haziоti kamwe. Ikiwa wataka mche mmoja wa kupanda nyuma ya nyumba, hiyo yatosha. Bali ikiwa wataka kubebesha miche 50, wahitaji mashina 50 yaliyokua pamoja na kufikia unene wa kalamu ya risasi wakati mmoja. Kuota kwa bahati hakuwezi kukupa jambo hilo. Baridi iliyopimwa yaweza.

Wa tatu atasema: "Nitavunja kokwa, nitoe kiini, nikimenye ngozi yake, nacho kitaota mara moja." Huyu ndiye twataka asikilize zaidi, kwa sababu mbele yake pana hasara iliyojificha. Kiini kilichomenywa chaweza kweli kuota pasipo baridi. Lakini mwaka 1934, Florence Flemion wa Taasisi ya Boyce Thompson huko Marekani alieleza yatokeayo baadaye: miche itokayo katika viini vya mafyulisi na matufaha visivyopata baridi huwa vibeti. Majani yake husongamana pamoja kama ua, shina halirefuki, na mche hukaa hivyo miezi mingi kana kwamba umerogwa. Haukurogwa, bali wadai baridi yake. Ukiupa baridi huo mche wenyewe, huanza kukua tena. Basi mwenye haraka hakuikwepa hesabu. Aliiahirisha tu, na huku amepoteza msimu. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, nao hawakukosea.

Tena jihadhari: kiini cha fyulisi, na cha plamu, na mbegu za tufaha, vina kitu ambacho kikitafunwa hutoa sumu mwilini. Usiwaache watoto wavitafune kwa wingi kama karanga.

Namna ya kulaza kokwa baridini

Kwanza, chagua mti mama. Tafuta mti wenye nguvu, usio na ugonjwa, uzaao vizuri hapo hapo kwenu. Usichukue kokwa za mafyulisi yale yaivayo mapema kuliko yote, kwa maana mara nyingi kiini chake hakijakomaa tunda liivapo. Yaliyochelewa kidogo ni bora. Tunda na liive kabisa mtini.

Pili, safisha kokwa. Ondoa nyama yote ya tunda, sugua kwa maji na mchanga, kisha anika kivulini siku mbili au tatu. Nyama ikibaki huleta ukungu. Usianike juani, wala usiweke juu ya meko.

Tatu, loweka kokwa katika maji safi siku mbili, ukibadili maji kila siku. Kokwa ngumu sana waweza kuibana polepole katika jiriwa mpaka ganda lipasuke kidogo, lakini usikiumize kiini. Jambo hili huharakisha maji kuingia. Haliondoi haja ya baridi.

Nne, tayarisha mchanga safi wa mtoni uliooshwa, au vumbi la mbao isiyotiwa dawa. Utie maji, kisha ufumbate mkononi. Ukifumbua mkono na donge likakaa, wala maji hayadondoki, basi unyevu watosha. Maji yakidondoka, ni mengi mno, na kokwa zitaoza.

Tano, tia tabaka la mchanga ndani ya kopo au mfuko wa plastiki, kisha tabaka la kokwa, kisha mchanga tena, mpaka kopo likaribie kujaa. Toboa matundu machache madogo karibu na mdomo ili hewa iingie. Andika juu yake aina ya kokwa, mahali zilikotoka, na tarehe. Usiseme utakumbuka. Baada ya majuma manane makopo yote hufanana.

Sita, weka kopo katika sehemu ya chini ya jokofu, mbali na mahali pa kugandishia barafu. Kila baada ya majuma mawili lifungue utazame. Mchanga ukikauka, nyunyiza maji kidogo. Ukiona ukungu, toa kokwa, zioshe, tupa zilizooza, na badili mchanga. Ukiona kokwa imepasuka na mzizi mweupe umechungulia, hiyo imemaliza hesabu yake. Ipande siku hiyohiyo, mzizi ukielekea chini, wala usiungoje wenzake.

Saba, panda kokwa katika kitalu au katika mifuko ya udongo, kina cha sentimita 5 hivi, na uweke kivuli chepesi. Usichague mahali palipopandwa nyanya ambazo mizizi yake ilikuwa na vinundu, kwa maana minyoo iletayo vinundu hivyo hushambulia mfyulisi pia. Wala usipande mfyulisi mchanga katika shimo lile lile alimokufa mfyulisi mzee.

Fikiri pia habari ya majira. Ukilaza kokwa baridini katikati ya Desemba, majuma 12 yataisha katikati ya Machi, masika yanapokaribia, na miche itaota wakati ambapo maji si taabu. Ukizilaza Machi, zitaamka kiangazi kikianza, nawe utabeba ndoo.

Wasio na jokofu

Tunajua kwamba nyumba nyingi hazina jokofu. Wengine hushauri kutumia mtungi ndani ya mtungi, na mchanga mbichi katikati yake. Chombo hicho ni kizuri kwa kuhifadhi mboga, lakini baridi yake haifiki nyuzi 7, hasa milimani ambako hewa ina unyevu mwingi; kwa kazi hii hakitoshi.

Lakini kopo moja halihitaji jokofu zima. Katika vijiji vingi vyenye umeme yuko mwenye duka auzaye soda baridi, au jirani mwenye jokofu lake. Wakulima kumi wakikusanya kokwa zao katika makopo mawili yaliyofungwa vizuri, na kumpa mwenye jokofu malipo kidogo au ahadi ya miche mitano, kazi imekwisha. Chama cha ushirika chaweza kufanya jambo hili kwa kijiji chote. Ila msiombe kabisa kuweka kopo la mchanga katika jokofu la chanjo la zahanati. Jokofu hilo ni la watoto, wala halifunguliwi kwa kazi nyingine.

Jambo ambalo jokofu haliwezi

Hapa pana kosa ambalo huwapata hata watu hodari. Mtu hununua mjini tufaha kubwa jekundu lililoletwa kutoka Afrika Kusini, alila, alipenda, na kuhifadhi mbegu zake. Azilaza baridini kwa uangalifu, nazo zaota vizuri. Apanda miche, aitunza, na miaka sita baadaye ana mti wenye majani machache, uchanuao maua mawili hapa na matatu pale, usiozaa. Kisa nini? Si mbegu tu iliyotaka majira ya baridi. Mti wenyewe nao wayataka kila mwaka, ndipo macho yake yafumbuke pamoja. Jokofu laweza kuipa mbegu majira yake ya baridi. Haliwezi kuupa mti. Mti utasimama kilimani pako maisha yake yote, nao utapata baridi ya hapo tu.

Tena mbegu ya tufaha haizai tunda kama la mama yake. Fyulisi huwa karibu zaidi na mama, lakini nalo hubadilika. Kwa hiyo yafaa ujue mapema kwamba mche wa mbegu kazi yake kubwa ni kuwa shina la kubebesha. Mizizi itoke katika kokwa ya mti uliozoea nchi yako. Kikonyo kitoke katika mti uliojaribiwa, uhitajio baridi kidogo na uzaao tunda ulitakalo. Kwa matufaha, aina ya Anna, iliyopatikana Israeli, ni mojawapo ya aina zihitajizo baridi kidogo. Plamu za jamii ya Kijapani zaweza kubebeshwa juu ya shina la mfyulisi, lakini tufaha haliwezi. Tufaha latakiwa libebeshwe juu ya mtufaha. Kama hujui kubebesha, mwendee Bwana Shamba, au jirani ajuaye, ukiwa na mche wako na kisu kikali. Mtu huifahamu kazi hii zaidi kwa kuitazama kuliko kwa kuisoma.

Hesabu ya faida

Tuseme umekusanya kokwa 100 ambazo zingetupwa jalalani. Hukuzinunua. Mchanga umetoka mtoni, kopo lilikuwa la mafuta ya kupikia. Tuseme zimeota 60, na katika hizo 40 zimekua sawasawa na kubebeshwa zikashika. Basi unayo miche 40 ambayo wajua mama wa mizizi yake na mama wa kikonyo chake. Uliza bei ya miche 40 iliyobebeshwa, kisha ulinganishe. Hata kama utapanda 20 tu na kuuza 20, umepata bustani na fedha ya mbolea.

Wako watakaosema kwamba kununua mche ni kwepesi zaidi, na kwamba mkulima mdogo hana nafasi ya kungoja majuma 12. Sisi hatuwazuii watu kununua mche mwema kwa mwuzaji mwaminifu. Lakini fikiri: majuma hayo 12 hayakutaki ukae kitako. Kopo li katika jokofu, nawe wapalilia mahindi yako. Kungoja huko hakukugharimu kitu. Kungoja kwenye gharama ni kule kwa miaka mitatu au minne mpaka mti uzae, na hapo ndipo utajua kama mizizi ilikuwa ya kweli. Yeye apunguzaye majuma mwanzoni hujiongezea miaka mwishoni.

Tena mfyulisi si mti wa kudumu sana. Mara nyingi nguvu zake huanza kuisha kabla haujatimiza miaka 20. Kama mti uchumao leo ulipandwa na baba yako, basi tayari umekaribia mwisho wake, na mwingine wa kuushika mahali pake hautatokea wenyewe. Msimu huu, walaji watakapotema kokwa na watoto watakapozirusha njiani, chagua mti ulio mwema, okota kokwa zake, zioshe, uandike tarehe juu ya kopo, nawe uzilaze baridini. Zitakapoisha kuhesabu siku zake, zitaamka.